Wanasema si saratani, lakini taya langu litakatwa. Nimwambie mchumba?

Shikamoo mama,

Mimi ni msichana wa miaka 26. Naishi Mbagala na nauza vitenge kwenye duka la watu Kariakoo. Naandika usiku, maana mchana nacheka na wateja kama kawaida na hakuna anayejua nilichobeba.

Kilianza kama jino. Gego la nyuma, chini upande wa kulia, lilikuwa linacheza bila kuuma. Mama akanipeleka likang'olewa. Kidonda kikachelewa kufunga, na baada ya miezi kadhaa shavu likaanza kujaa taratibu. Nikapewa dawa za kuua bakteria zaidi ya mara moja, uvimbe haukutikisika. Kwa kuwa hauumi, nikauacha. Sasa ni kama miaka miwili, na ukinitazama usoni unaona kabisa upande mmoja umezidi. Nimezoea kuvuta mtandio uje mbele, na picha zote napigwa ubavu wa kushoto.

Mwaka huu nilikwenda kliniki moja ya meno ya binafsi. Daktari akapiga eksirei, akasema kuna uvimbe ndani ya mfupa, ataufungua kupitia mdomoni, ataukwangua, na nitarudi nyumbani bila kovu lolote usoni. Nilifurahi sana. Lakini kaka yangu akang'ang'ania twende kwanza hospitali kubwa ya rufaa. Huko wakanipiga picha nyingine, wakakata kinyama kidogo na kukipeleka maabara. Majibu yalipotoka niliambiwa ugonjwa unaitwa ameloblastoma. Daktari bingwa akasema, "Si saratani." Nikashusha pumzi. Hapo hapo akaendelea kwamba inabidi kukata kipande cha taya kuanzia karibu na sikio hadi karibu na kidevu, pamoja na meno yake, na kuweka chuma. Akasema mdomo wa chini upande huo utakuwa na ganzi, pengine moja kwa moja. Baada ya hapo sikusikia tena. Nilitoka bila kuuliza swali hata moja. Nilipewa karatasi ya siku ya kurudi, siku imepita, sijaenda.

Mama, kama si saratani, kwa nini wanikate taya?

Posa yangu imepokelewa na mahari imetolewa. Ndoa ni baada ya Idi. Mchumba wangu ni fundi umeme, mtu mpole. Nilimwambia ni jino tu linanisumbua. Aliwahi kuniambia kwamba kilichomvuta kwangu kwanza ni ninavyocheka. Sasa nifikirie kucheka na nusu ya mdomo. Mama yake alinikazia macho sana kwenye shughuli moja ya kwao, baadaye akamuuliza mwanawe kama kwetu kuna ugonjwa wa ukoo. Ataniacha, najua.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mama analia kwamba ni yeye aliyenipeleka kung'oa jino na ndiyo chanzo cha yote. Bibi anasema ni husuda ya posa, anataka nipelekwe kwa mganga Mkuranga. Kaka ndiye anayeshika michango ya harusi, anasema pesa hizo ziende hospitali na shughuli isogezwe. Dada yangu mkubwa anasema nikae kimya, niolewe kwanza, nikishakuwa ndani mume atanitibia.

Nichague upasuaji upi? Nifanye kabla ya ndoa au baada? Na nimwambie?

Binti wa Mbagala

MAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Pole ya uvimbe, na pole ya kuubeba peke yako dukani kutwa nzima.

Naona umeyafunga mambo matatu kwenye tarehe moja: upasuaji upi, ufanyike lini, na mchumba ajue nini. Yakikaa hivyo lazima yakusonge. Tuyafungue, na uniruhusu nianze mbali na tarehe ya ndoa. Mimi si daktari wa upasuaji. Nitakueleza yanayojulikana kuhusu ugonjwa huu, na palipo na jambo la kuamuliwa kwa picha yako na majibu yako, nitakurudisha kwa aliyeyashika.

Kwanza mama yako. Ameloblastoma huota kutokana na chembe zinazohusika na kutengeneza meno, zile zilizobaki ndani ya taya tangu utotoni. Hukua polepole ndani ya mfupa, mara nyingi taya la chini, huko nyuma kwenye magego, na vijana wa rika lako ni miongoni mwa wanaoupata sana. Hauletwi na kung'oa jino. Inawezekana kabisa gego lako lilianza kucheza kwa sababu uvimbe ulikuwa tayari unakula mfupa chini yake. Mwambie hivyo, leo kama unaweza. Hauambukizi, na kwa kawaida si ugonjwa wa kurithishana katika ukoo. Jibu hili lihifadhi, maana mama mkwe ameshauliza.

Sasa swali lako zito: kama si saratani, kwa nini taya likatwe? Neno "si saratani" lina maana kwamba kwa kawaida uvimbe huu hausambai kwenda mapafuni au kwenye ini. Halina maana kwamba mahali ulipo ni mpole. Hapo ulipo hula mfupa, husukuma meno, hutanua uso, na hauachi wenyewe. Ubaya zaidi ni kwamba kingo zake haziishii pale picha inapoonyesha. Vijichembe vyake hupenya ndani ya mfupa laini wa jirani ambao kwa eksirei unaonekana mzima. Umewahi kulima shamba lenye ndago? Unang'oa majani, shamba linaonekana safi, kumbe viazi vyake viko chini. Ndiyo sababu madaktari wengi wa upasuaji hukata na mfupa unaoonekana mzima, sentimita 1 hadi 2 kupita ukingo wa uvimbe. Tafiti zilizokusanya wagonjwa wengi zinaonyesha kuwa aina ya kawaida ya uvimbe huu ikikwanguliwa tu hurudi kwa takriban wagonjwa wanne katika kila kumi. Ikikatwa pamoja na ukingo wa mfupa mzima, hurudi kwa takriban mmoja katika kumi, au pungufu. Na unaweza kurudi baada ya miaka mingi, hata zaidi ya 10, wakati mtu ameshasahau.

Hapo utaona kwamba "mdogo" na "mkubwa" ni majina ya siku ya upasuaji tu. Kukwangua ni kudogo siku hiyo: muda mfupi, uso haukuguswa kwa nje, na mara nyingi hisia za mdomo hubaki. Lakini wapo waliokwanguliwa, ukarudi, wakakwanguliwa tena, mwisho wakakatwa kipande kikubwa kuliko ambacho kingekatwa mwanzo. Kukata ni kukubwa siku hiyo na kuna gharama usoni ambazo sitakuficha. Lakini wengi hawahitaji kurudia.

Usimwone daktari wa kliniki kama mjinga au mwongo. Kwa ulivyoeleza, yeye aliona eksirei peke yake, hakupeleka kinyama maabara, na picha za eksirei za uvimbe na mifuko ya maji ya aina mbalimbali ndani ya taya hufanana. Ipo pia aina moja ya ameloblastoma, yenye chumba kimoja kama mfuko wa maji, ambayo baadhi ya wagonjwa hutibiwa kwa njia nyepesi: kuufungua mfuko upungue kwanza, au kuukwangua na kuua mabaki kwa dawa, kisha kufuatiliwa kwa miaka. Kwa hiyo swali lako kuu kwa daktari bingwa ni hili: wangu ni wa aina gani, na maabara imeandika nini hasa? Omba nakala ya majibu na uitunze maisha yako yote. Ukitaka, mpelekee hata yule daktari wa kliniki, umuulize kama bado angekwangua akishayasoma. Jibu lake litakufundisha kitu, vyovyote litakavyokuwa.

Ulisema uliacha kusikia pale waliposema chuma na ganzi. Wagonjwa wengi huishia hapo hapo, na wanaondoka na picha ya kutisha kuliko jambo lenyewe. Acha nikuelezee yaliyobaki. Ni upasuaji wa nusu kaputi, unalala usingizi na mrija wa kupumulia hupitishwa kwa kawaida puani ili mdomo ubaki wazi kwa kazi. Upasuaji ukiwa mkubwa sana, wengine hutobolewa tundu dogo la muda shingoni ili wapumue salama mpaka uvimbe wa siku za mwanzo upite. Muulize daktari wa usingizi kama wewe utahitaji, na mwambie kila kitu: pumu, selimundu, presha, dawa za miti unazokunywa, hata kama zilitoka kwa bibi. Chale mara nyingi hupita chini ya taya, kwenye mkunjo wa shingo, na kovu lake huonekana sana miezi ya mwanzo kisha hufifia, ingawa ngozi zetu wengine huota makovu ya kunyanyuka. Kama ulishawahi kuota kovu la namna hiyo, sema mapema.

Chuma unachokiogopa ni kipande chembamba cha titaniamu kinachokunjwa kufuata umbo la taya na kufungwa kwa skrubu, ili kidevu kisilale upande mmoja. Watu hawakioni kwa nje. Lakini chuma peke yake si cha kudumu milele kwa kila mtu. Baada ya miaka kinaweza kuchoka kikavunjika, au kutokeza kupitia ngozi au fizi. Kwa hiyo uliza habari ya mfupa: pengo likiwa fupi hujazwa kwa mfupa wa nyonga, na likiwa refu huweza kuchukuliwa ule mfupa mwembamba ulio ubavuni mwa muundi, pamoja na mishipa yake ya damu inayounganishwa shingoni kwa darubini. Kazi hiyo ya pili ni ndefu na haifanyiki kila hospitali wala kila wiki. Uliza kama kwako mfupa utawekwa siku ile ile au baadaye, na baadaye ni lini. Meno ya bandia huja baada ya hapo, na yanahitaji mfupa wa kukalia.

Ganzi ya mdomo nayo ni kweli. Mshipa wa fahamu unaohisi mdomo wa chini na kidevu hupita katikati ya taya, na kama uvimbe umeuzunguka huondoka nao. Utaweza kuzungumza na kula, lakini upande huo hutahisi uji ukichuruzika wala chai ikikuunguza, itabidi uzoee kufuta na kuonja kwanza. Mshipa unaovuta pembe ya mdomo wakati wa kucheka ni mwingine, uko nje ya mfupa, na daktari hujitahidi kuulinda. Mshipa huo ukishtuka, kicheko huenda upande kwa wiki au miezi, na kwa wachache hubaki hivyo. Muulize waziwazi: "Nitacheka vipi?" Usione haya kuuliza hilo. Ni swali la kitabibu kabisa, na ndilo uliloliandika kwa uchungu kuliko yote.

Siku za kwanza uso huvimba sana, siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele, na wengi hulishwa kwa mrija wa puani mpaka kidonda cha mdomoni kishike. Kisha ni uji, mtori, supu, maziwa, wali bokoboko, kwa wiki kadhaa. Kusukutua, mazoezi ya kufungua mdomo, na ndugu wa kuchangia damu kabla. Haya yote yanahitaji mtu wa karibu, jambo ambalo linanileta kwa mchumba wako.

Umeandika, "Ataniacha, najua." Nimerudia barua yako nikitafuta alipolisema hilo, sikupaona. Maneno yanayotisha ni ya mama yake na ya dada yako. Lake ulilonukuu ni moja tu, kwamba alivutwa na kicheko chako. Je, hujamhukumu kabla hajaulizwa? Sikuahidi kwamba atabaki. Wapo wanaume wanaokimbia, na wapo wanaosukumwa na mama zao, na ukimwambia leo unaweza kuipoteza ndoa hii kabla ya Idi. Hiyo ni hasara ya kweli, sitaipunguza. Ila tazama na upande wa pili. Njia ya dada inategemea kitu kimoja: kwamba mume aliyefichwa atakuwa radhi kutoa pesa, damu na usiku wa kukaa kitandani kwako, akishajua kwamba familia nzima ilijua isipokuwa yeye. Pengine atakuwa radhi. Lakini huko unamtaka awe mwema zaidi kuliko unavyomwamini sasa. Na kwa kuwa ndoa yenu ni ya kufungwa na shehe, muulize shehe unayemwamini kuhusu kuficha maradhi yanayojulikana kabla ya akdi. Bora jibu hilo ulisikie kwake kuliko kwangu.

Ukiamua kumwambia, unaweza kuchagua namna. Unaweza kumwambia mkiwa wawili, bila mashahidi, ukiwa na karatasi ya majibu mkononi na ile sentensi ya kwamba hauambukizi wala si wa ukoo. Au unaweza kumwomba akusindikize kliniki, amsikie daktari mwenyewe na aulize yake. Hii ya pili naipenda kwa sababu moja: fundi umeme akionyeshwa picha ya mfupa na chuma kitakavyofungwa, anaweza kuelewa haraka kuliko sisi wote.

Kabla au baada ya ndoa? Uvimbe huu ni wa polepole, kwa hiyo wiki chache za kujipanga kwa kawaida hazibadilishi mambo. Miezi mingi au mwaka ni habari nyingine: kila uvimbe unavyokua, kipande cha kukatwa nacho hurefuka, na pengo linaweza kutoka kwenye saizi ya mfupa wa nyonga likafika kwenye ile kazi kubwa ya mfupa wa mguu. Lipo na jambo ambalo hakuna aliyelitaja nyumbani kwenu. Ukiolewa, unaweza kushika mimba mapema, na upasuaji wa namna hii, ukiwa si wa dharura, kwa kawaida husogezwa mpaka baada ya kujifungua. Hapo "baada ya ndoa" inaweza kuwa baada ya mwaka na nusu, na mtoto mchanga mkononi. Kwa upande mwingine, kukatwa wiki chache kabla ya harusi ni kuingia kwenye shughuli uso haujatulia, hujaweza kula pilau yako mwenyewe. Lipo na la katikati: akdi ndogo nyumbani, watu wachache, na sherehe ingoje. Au tarehe isogezwe. Muulize daktari swali la moja kwa moja: "Nikingoja miezi mitatu, nini kitabadilika? Nikingoja mwaka?" Jibu lake liwe mbele yenu kabla hamjaongea habari ya kadi za harusi.

Kaka yako simfahamu, lakini nimempenda. Hata hivyo pesa za michango zina wenyewe, na waliochangia shughuli wana haki ya kuambiwa zinakwenda wapi. Mwambie kwanza aulize gharama kamili kwa maandishi: upasuaji, chuma, kitanda, picha ya siti-skani, dawa. Hospitali za umma zina ofisi ya ustawi wa jamii, hapo ndipo asiyeweza kulipa yote hujieleza, na ni vizuri kwenda mapema kabla ya siku ya upasuaji. Kuhusu bima, sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023, lakini kadi ya bima utakayokata leo huenda isikulipie upasuaji wa kesho. Ulizia masharti ya kifurushi kabla ya kutoa pesa.

Bibi usigombane naye. Dua yake ipokee kwa mikono miwili. Hofu yangu ni kwa yale yanayoweza kufuata: kuchanjwa juu ya uvimbe, kuchomwa, kupakwa dawa mdomoni. Hayo yanaweza kuingiza vijidudu kwenye mfupa ambao tayari ni dhaifu na kukuharibia ngozi ambayo daktari wa upasuaji ataihitaji. Na miezi inapita. Pengine bibi angekubali kusoma dua siku unayokwenda hospitali, badala ya wewe kwenda Mkuranga.

Kuhusu ile karatasi ambayo siku yake imepita: hawatakufukuza. Madaktari wa upasuaji wa kinywa, taya na uso wamezoea wagonjwa wanaopotea kwa hofu kisha wakarudi. Na ukitaka maoni ya pili, hapa Dar es Salaam una bahati kuliko wengi, kwa kuwa Muhimbili wapo mabingwa wa fani hiyo na chuo kikuu kilichopo hapo hapo huwafundisha wengine. Nenda na kaka, au na yeyote asiyelia haraka, maana wewe ukiacha kusikia tena, yeye aendelee. Andikeni maswali nyumbani: aina ya uvimbe, urefu wa kipande, mshipa wa fahamu, mfupa lini, kicheko, na atakufuatilia kwa miaka mingapi. Ombeni pia, kama inawezekana, kukutana na mgonjwa aliyekwisha kufanyiwa. Kumwona mtu aliyepita hapo akila, akiongea, na kuuliza kwake alichokijutia na asichokijutia, kutakupa kitu ambacho mimi na daktari hatuwezi kukupa.